Zebaki Jikoni Kwetu

Mama yangu alikuwa fundi cherehani huko Bugarama, na nusu ya watoto niliosoma nao walivaa sare alizoshona yeye. Uzi aliutunga kwenye sindano huku akipiga soga na wateja, bila hata kuangalia.

Baba alichimba kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Alirudi na zebaki iliyokwisha kunywa dhahabu, akaikamua kwa kitambaa kilichobaki kwenye cherehani, kisha kidonge cha kijivu akampa mama akichome. Mlango ulifungwa, dirisha likazibwa kwa kanga. Wachimbaji wa kwetu husema dhahabu ikichomwa mbele ya macho ya watu hupungua. Basi baba alikaa nje kwenye kigoda akilinda mlango, mama akabaki ndani na jiko la mkaa.

Niliipenda zebaki, nisiseme uongo. Chuma gani hicho kinachomiminika? Hailoweshi kidole. Ukiitawanya inakuwa punje punje kama shanga, ukizisogeza zinarukiana na kuwa kitu kimoja. Ikipata moto inaondoka kimya, haina harufu wala moshi wa kukuliza, inaacha dhahabu peke yake.

"Imekwenda," baba alikuwa akisema.

Imekwenda wapi? Mama alifunika kikaango kwa mfuniko wa sufuria, na ulipopoa tulikuta matone yale yale yameng'ang'ania upande wa ndani. Baba aliyakusanya ayatumie tena. Mfuniko ulioshwa, ukarudi kufunika ugali. Mvuke ulioponyoka hakuna aliyeuulizia; ulikuwa ukiingia kifuani mwa mama.

Alianza kwa kulikosa tundu la sindano. Tukasema ni macho. Kisha mkono ukawa unatetemeka, mishono ikapinda, wateja wakahamia kwa fundi mwingine. Majirani walisema karogwa, na baba akakubali upesi mno. Hospitalini Shinyanga daktari aliuliza nani kwetu anachoma dhahabu.

"Sisi sote, daktari. Tunasaidiana," baba akajibu.

Tunasaidiana! Hasira ile sijaimeza mpaka leo.

Juzi nilikwenda kuwasalimia. Mama alitaka kushikiza kifungo cha shati la baba, uzi ukamshinda. Baba akaichukua sindano, akatunga mara moja, mkono umetulia kabisa.

"Ahsante, baba," mama akamwambia. "Wewe Mungu amekutunzia mikono yako."