Sekunde arobaini za skrini nyeusi: Annonciata, fundi wa kompyuta wa Dzaleka

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Annonciata Nabintu amesimama mbele ya kompyuta, ingawa kiti kiko nyuma yake. Anaandika neno la siri, anabonyeza, anatazama saa ya simu yake. Skrini inazima. Anapigapiga meza kwa kidole, anaenda dirishani, anarudi. Bado nyeusi.

"Makumi tatu na tano," anahesabu. "Makumi tatu na sita. Unaona? Bado tu."

Picha inarudi kwenye sekunde ya arobaini na moja. Anaiandika namba hiyo kwenye daftari, anaizima kompyuta na kuanza upya.

Hapa ni ukumbi wa kompyuta katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, Juni 2014. Ndani kuna kompyuta kumi na moja ambazo wakimbizi wanaosoma kwa njia ya mtandao hufanyia masomo na mitihani. Nane zimepona. Tatu bado zina ugonjwa ambao Annonciata, mwenye miaka 43, amekuwa akipambana nao tangu Machi.

Ugonjwa wenyewe si mgumu kueleza. Programu inapotaka kugusa jambo kubwa ndani ya kompyuta, kompyuta humuuliza kwanza mtumiaji: unaruhusu? Skrini hufifia kidogo, swali hutokea, mtu hujibu, kazi huendelea. Ni ulinzi dhidi ya virusi.

Kwenye kompyuta za ukumbi huu, swali lilikuwa linachelewa. Skrini ilikuwa inazima kabisa na kukaa gizani kama sekunde arobaini. Kuingia tu kwa neno la siri kulikuwa kunachukua dakika nne.

"Kwa muntu iko anaandika barua, si kitu, atangoja," anasema Annonciata. "Lakini kwa muntu iko kwa examen, ile ni kumuiba."

Annonciata hakusomea ufundi. Bukavu alikozaliwa alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya parokia, akiandika vyeti vya ubatizo kwa taipureta. Kompyuta ya kwanza ilipofika ofisini, padri aliogopa kuigusa. Ilipokwama, Annonciata ndiye aliyeifungua, kwa bisibisi ya cherehani ya mumewe, Narcisse, ambaye ni fundi wa nguo.

Wanajeshi walipoingia mjini mwaka 2004, familia ilikimbia. Walipita Kigoma na Mbeya, wakavuka mpaka Karonga, na mwaka uliofuata wakafika Dzaleka na mtoto wao Guy, akiwa na miaka miwili. Ndiyo maana kambini wengi humwita Mama Guy.

Siku hizi ukumbi humpa kwacha 12,000 kwa mwezi. Akitengeneza kompyuta ya mtu binafsi hulipwa 1,500, na si kila wiki mtu huyo hutokea.

"Huyu mwanamuke hakai," analalamika Narcisse, akicheka. "Hata nsima anakula amesimama."

Machi mwaka huu ulifanyika mtihani wa saa moja. Programu ya mtihani iliomba ruhusa mwanzoni, na tena kila mwanafunzi alipohamia sehemu mpya. Kila mara skrini ilizima, huku saa ya mtihani ikiendelea kukimbia. Katikati umeme ukakatika, ikabidi wote waingie upya. Kwa hesabu ya Annonciata, kila mtu alipoteza robo saa.

Espérance, mama wa miaka 29 kutoka Fizi anayeuza maharage sokoni, alipata alama 57. Ya kufaulu ni 60. Alimfuata Annonciata nyumbani kwake.

"Mama Guy, we njo unatengenezaka ile mashini," alimwambia mlangoni. "Mi nilisoma miezi sita. Majibu nilikuwa nayo. Lakini ecran ilikuwa nyeusi, mi nilikuwa naangalia sura yangu tu ndani yake."

"Nilimwambia pole," anakumbuka Annonciata. "Akaniuliza, pole itaniongezea alama tatu? Akaenda. Ile siku sikukula."

Mtihani wa marudio ulipangwa Mei. Étienne Bucumi, Mrundi anayesimamia ukumbi, alikuwa na dawa ya haraka: ulinzi uzimwe, kompyuta ziache kuuliza.

"Inauliza-uliza ya nini?" anasema Étienne, akirudia alichomwambia Annonciata wakati ule. "Wanafunzi hawa mimi nawajua wote. Hakuna mwizi."

Annonciata alikataa. Mwaka 2012 alikuwa amefanya hivyo hivyo, kwa sababu wanafunzi walichoshwa na maswali. Wiki mbili baadaye mtu alichomeka flashi iliyokuwa na virusi, na kazi za wanafunzi kumi na wanne zikafutika. Mmoja alikuwa ameandika kurasa thelathini.

"Nililia mbele yao kama mutoto," anasema. "Nikaapa sitafungua tena mulango juu ya kitasa kusumbua. Nitatengeneza kitasa."

Siku tatu kabla ya mtihani wa Mei, ukumbi ulifungwa kwa wanafunzi ili afanye kazi. Alianza na kuingia. Aliingia kwa jina la mtumiaji mwingine: dakika nne. Akasimamisha kwa muda programu ya kufukuza virusi: dakika nne. Mwisho akachomoa kebo ya mtandao. Sekunde thelathini.

"Nikasema, sawa. Kumbe kuna kitu inatafuta huko inje."

Alichokikuta ni anwani ya zamani. Kompyuta zote kumi na moja zilitolewa na ofisi moja ya Lilongwe iliyofunga shughuli zake, na hakuna aliyekuwa amefuta maagizo ya kule. Kila mtu alipoingia, kompyuta ilitafuta kwanza hifadhi kuu ya ofisi hiyo, ikasubiri ijibiwe, ikatafuta tena, na mwisho ikakata tamaa. Annonciata alifuta agizo hilo kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Dakika nne zikawa nusu dakika.

Lakini giza la swali la ruhusa lilibaki, hata kebo ikiwa imechomolewa. Ulikuwa ugonjwa wa pili.

Kompyuta namba tisa peke yake ilikuwa salama. Annonciata alikaa nayo mchana kutwa, akiilinganisha na nyingine: umri mmoja, kumbukumbu ile ile. Saa kumi jioni akaona tofauti. Namba tisa ilikuwa na draiva yake halisi, yaani programu ndogo inayoongoza skrini. Nyingine zilikuwa zinatumia draiva ya kubahatisha, ambayo inaonyesha picha lakini hushindwa skrini inapotakiwa kufifia ghafla.

Draiva ilipatikana kwenye mtandao, na ilikuwa nzito. Mtandao wa kambi ulikatika mara tatu kabla ya kuifikisha nusu. Étienne akamkumbusha kwamba zimebaki siku mbili, na kwamba yeye bado yuko tayari kuzima ulinzi.

Mtandao wenye kasi ulikuwa Lilongwe, na mkimbizi haendi huko bila kibali. Annonciata aliwahi dirisha la ofisi ya vibali alfajiri ya Alhamisi, akarudishwa, akarudi, akasimama pale mpaka saa tisa. Kibali kilitoka cha siku moja tu: Ijumaa, arudi kabla ya jioni.

"Kwa bariela ya barabara, polisi alisoma ile karatasi kama Biblia," anasema. "Mi nahesabu dakika tu. Nikataka nimwambie, papa, soma mbio."

Alikwenda moja kwa moja Kanengo, eneo la viwanda la Lilongwe, kwenye ghala la tumbaku ambako msimu uliopita aliwahi kutengeneza kompyuta ya mizani. Karani wa ghala, Fostino Kaphuka, alimkubalia atumie mtandao wa ofisi. Ulikuwa msimu wa mnada. Malori yalikuwa yamepanga mstari hadi barabarani, na vumbi la tumbaku lilimfanya apige chafya.

"Nilimwambia, khalani pansi, mayi, kaa chini, itachukua saa mbili," anakumbuka Kaphuka kwa simu. "Alitembea ofisini saa mbili nzima. Mimi ndiye niliyechoka."

Mara moja tu alisimama tuli: mkuu wa ghala alipoingia na kuuliza huyu mama ni nani. Kaphuka alijibu, "Ndiye aliyeponya mizani yetu." Mkuu akatazama skrini, akatazama kibali, akatoka. Draiva ilikamilika saa nane na nusu. Annonciata aliiweka kwenye flashi mbili, moja mkobani na nyingine ndani ya soksi, akasema zikomo, yaani asante, na kuondoka.

Alifika Dzaleka jua likingali juu. Kwenye kompyuta ya kwanza swali la ruhusa lilitokea kwa sekunde moja. Ya pili, hivyo hivyo. Kisha ya sita ikakataa draiva, na nyingine mbili pia. Hizo tatu zilikuwa na kifaa cha skrini cha aina nyingine.

Alimwendea Étienne na kumwambia ukweli: nane tayari, tatu hapana, wanafunzi ni kumi na mmoja. Aliomba mtihani ufanywe kwa zamu mbili.

"Nilikasirika," anakiri Étienne. "Kuomba zamu mbili ni kuandika barua kwa walimu, kueleza, kusubiri. Lakini alisimama pale mlangoni na haondoki. Nikaandika."

Walimu walikubali asubuhi ya Jumamosi, siku yenyewe ya mtihani. Espérance alifanya zamu ya kwanza. Annonciata alibaki nje, akizunguka jengo.

Matokeo yalitoka baada ya wiki mbili. Espérance alipata 71. Alikuja ukumbini na kilo mbili za maharage ndani ya kitenge, akaziweka juu ya meza kando ya kompyuta iliyofunguliwa.

"Siku ile nilikusemea mubaya, Mama Guy," alisema.

"Ulisema kweli," Annonciata alimjibu, akamkumbatia, kisha akamwomba asogee kidogo asikanyage skrubu.

Sasa anatafuta draiva ya zile tatu. Lakini mawazo yake yako pia Mponela, kituo cha biashara kwenye barabara kuu, ambako wanunuzi wa mahindi na tumbaku wameanza kuweka hesabu zao kwenye kompyuta na hakuna fundi wa karibu. Ameshaona chumba chenye dirisha moja na umeme. Anataka kufungua karakana, na Espérance amesema atamfuata kujifunza.

Kinachokosekana ni ruhusa ya kufanya kazi nje ya kambi. Ameiomba mara mbili, na mara zote mbili ameambiwa asubiri. Barua ya tatu ameichapa mwenyewe wiki hii, na Jumatatu ataipeleka.

Na wakikataa tena?

"Nitaandika ya ine," anasema, akiwa tayari ameshika mlango.