Nyumba Isiyo na Ufunguo

Liban Samatar alikuja kwa mama yake asubuhi, akasimama nje ya nyumba ya mikeka bila kuinama kuingia. Alikuwa ameacha kuinama tangu apate tumbo.

"Mama, mafundi wanaanza Jumamosi. Mawe yamefika, saruji inavuka mpaka siku hiyo hiyo. Hiki kibanda kiwe kimeondoka."

Ambaro Guhad alikuwa ndani akifukiza vyombo vya maziwa kwa makaa. Alimaliza chombo cha kwanza, akakifunika, ndipo akajibu.

"Kibanda kipi?"

"Hiki, mama."

"Hapa naona nyumba. Kibanda kiko kule ng'ambo ya barabara, Barni anamouzia chai."

"Nimesikia, we mwanamke," Barni akasema kutoka kwenye majiko yake.

"Nimesema ili usikie."

Liban alipangusa jasho. Alieleza tena, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba kiwanja kiko mbele ya barabara kuu, kwamba patajengwa maduka, na kwamba mama yake atapewa chumba chenye feni katika nyumba yake ya mawe iliyo hapo nyuma. Miti ya kibanda Barni angeweza kuichukua, ikamfaa kwa kuni.

"Kuni," Ambaro akasema.

"Imezeeka, mama."

"Nami nimezeeka. Utanipeleka jiko gani?"

Liban akaenda zake.

Watu husema Garasle imekua, na husema hivyo kama wanaosifu. Ambaro aliingia hapa na mumewe Samatar katika ule ukame uliomaliza mifugo, wakiwa na ngamia wawili tu, na nyumba hii imefungwa mgongoni mwa mmoja. Garasle wakati huo ilikuwa kisima, msikiti wa miti, na kamba iliyofungwa kati ya migunga miwili. Kamba ile ndiyo ilikuwa mpaka. Askari wa Kihabeshi aliishusha mbuzi wapite, kisha akaja upande huu kunywa maziwa. Leo pana malori yamepanga foleni tangu alfajiri, pana matangi ya maji, minara ya simu, na vijana wasioweza kutaja majina ya babu zao hadi wa kumi bila kukwama. Maziwa hutoka kwenye kopo. Mtu anafika mjini ana kiu, anaulizwa kwanza kama ana salio kwenye simu.

Mbavu za nyumba ile zilikuwa mizizi ya mgunga. Mama yake Ambaro aliichimba akiwa msichana, akaipinda ingali mibichi, akaikausha jua hata jua, mpaka ikawa migumu kama pembe. Mikeka ilisokotwa kwa nyuzi za magome, na wanawake walizitafuna nyuzi hizo kuzilainisha hadi fizi zikatoka damu. Mwanamume hakutia mkono. Kwa watu wale wa kuhamahama nyumba ni mali ya mwanamke. Mwanamke huisuka, huisimamisha na huivunja, na mwanamume hukaa humo kwa adabu zake.

Samatar aliwahi kujisahau. Kaka yake Ambaro alipita kuwatembelea, na Samatar, akiwa na hasira za mambo mengine, akamwacha aondoke bila kumpa hata maziwa. Ambaro hakugombana. Alingoja mumewe alale usingizi wa mchana, akamwita dada yake, wakafungua kamba moja moja bila sauti. Samatar aliamka jua likimwunguza uso, amelala juu ya ngozi katikati ya uwanda, na nyumba inakwenda zake mgongoni mwa ngamia. Aliifuata kwa miguu hadi magharibi, akaomba radhi mbele ya shemeji yake. Mpaka kufa kwake alikuwa akisimulia kisa hicho mwenyewe, akicheka mpaka anakohoa.

Bati lilipoingia Garasle, hakuna aliyewaonya wanawake. Bati lilinunuliwa na mwanamume, tofali liliwekwa na mwanamume, mlango ukatiwa kufuli, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa mwanamume. Wanawake walifurahia sakafu ya saruji. Kufuli waliliona baadaye.

Jioni ile Sagal, binti yake Liban, alikuja kumwona bibi yake. Harusi yake na Mahad, kijana wa malori, ilikuwa Alhamisi ijayo. Tangu mjukuu huyu azaliwe, Ambaro alikuwa akibadilisha mikeka michakavu mmoja baada ya mwingine ili bibi harusi aingie katika nyumba hii, akae humo siku zake saba kama walivyokaa mama zake wote. Lakini Liban alikuwa amekodi chumba katika hoteli mpya, chenye kitanda cha duara.

"Bibi, usikasirike," Sagal akasema. "Kule kuna maji ya bomba. Humu nikitoka nanuka moshi."

"Nuka moshi. Nzi hawatakusogelea."

Sagal akacheka. Ambaro hakucheka.

"Idil yuko wapi?" akauliza. Idil alikuwa binti wa dada yake Liban.

Kicheko cha Sagal kikakatika. "Unajua alipo. Yuko kwetu, stoo, na mtoto wake."

"Mumewe alipomtoa usiku ule, alimwambiaje?"

"Alimwambia toka nyumbani kwangu."

"Alisema uongo?"

Nyumba ilikuwa ya mume, kila mtu alijua.

"Hotelini ufunguo anao nani?"

"Mwenye hoteli."

"Na huko Mahad atakakokupeleka baadaye?"

"Mahad."

"Mimi sikukuwekea mikeka," Ambaro akasema. "Nilikuwekea mahali ambapo hakuna atakayekuambia toka."

Msichana alipitisha kidole juu ya ubavu mmoja wa nyumba, mweusi kwa moshi wa miaka. "Na nikikasirika mimi?"

"Unaikunja, unaondoka nayo. Yeye abaki na ngozi yake."

"Baba atakataa, Bibi."

"Akatae. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema hapana, neno hilo nalijua tangu likiwa dogo."

Jumamosi mafundi wakaja na sururu. Liban alisimama mbele yao na simu mkononi, akaonyesha kwa kidevu. "Vuteni hicho kwanza."

Mafundi wakatazamana. Mkubwa wao, mzee Warfa, akaegemea sururu yake. "Bwana, mimi msingi nitachimba, mawe nitabeba. Nyumba ya mwanamke siigusi. Nikirudi kwangu nitapikiwa nini?"

"Nitakuongezea."

"Utaniongezea mke?"

Wenzake wakaangua kicheko. Liban akaenda mwenyewe, akashika kamba ya pembeni, akavuta. Fundo likazidi kukaza, maana hakulijua linafunguliwa upande gani. Barni alikuwa amevuka barabara na birika mkononi.

"Vuta, Liban, vuta," akasema. "Ulizaliwa humo humo, kondo lako la nyuma tulilifukia hapo penye mlango. Vuta tuone."

Mkono wa Liban ukaiachia kamba. Tajiri alikuwa, lakini alikuwa mtoto wa watu, na barabara nzima ilikuwa imesimama inamtazama.

Ambaro akatoka, ameinama, akajinyoosha polepole.

"Nitaivunja mwenyewe," akasema. "Leo hii. Lakini nitakaa wapi?"

Uso wa Liban ukafunguka. "Mama yangu. Nyumba yangu ni yako. Kaa popote upendapo, hakuna atakayekuuliza."

"Barni, umemsikia?"

"Nimemsikia. Na mafundi wamemsikia. Na huyu mbwa amemsikia."

Liban akambusu mama yake kichwani, akapanda gari, akavuka mpaka kufuata saruji yake. Alikwenda amefurahi. Alidhani mwanamke akikunja nyumba yake ameshindwa. Baba yake angemweleza vinginevyo.

Wanawake wakaja. Hawakuitwa, walimwona Ambaro amepanda juu ya kinu anafungua mikeka ya kileleni, ikatosha. Walikuja wale wazee waliozijua kamba, na vijana wasiojua kitu wakaja kubeba. Wengine walikuwa hawajashika ubavu wa nyumba tangu waolewe, lakini mikono ilikumbuka. Wakaanza ule wimbo wa kuhama wa kujibizana, wakamtia Liban ndani yake, na tumbo lake, na kitanda chake cha duara. Adhuhuri haijaadhiniwa, kiwanja kilikuwa cheupe.

Nyumba ya Liban ilikuwa na paa la zege, bapa, na kila pembe na kila nguzo ilichomoza nondo kuelekea mbinguni zikingoja ghorofa. Ndivyo wajengavyo siku hizi: nyumba haijaisha, tayari imetamani nyingine. Ambaro alikuwa amezitazama nondo zile tangu zisimame, na siku zote aliona ni chuma kinachokaa bure.

"Kamba," akasema.

Walipandisha mbavu kwa kamba kutoka kiwanjani, moja moja, na Sagal akapokea juu, hina ya majaribio ingali mbichi viganjani. Idil alimkabidhi Barni mtoto wake, akapanda yeye pia. Malori yakasimama. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani.

"Bibi, hiyo ni ghorofa ya ngapi?"

"Ya wenye akili," Ambaro akamjibu kutoka juu. "Endesha gari."

Huko juu hapakuwa na udongo wa kuchimbia mashimo. Ambaro alizunguka nondo akizishika moja moja, kisha akafunga kila ubavu kwenye chuma chake, akakaza kwa goti. Upepo ulikuja ukaijaribu, nyumba ikaguna, ikatulia. Mikeka ikapanda. Liban aliporudi na saruji yake jioni, watu walikuwa wamejaa njiani wanatazama paa lake, na juu ya paa nyumba ya mama yake ilikuwa imekaa kama kuku anayeatamia.

Alipanda ngazi akihema. "Mama, hiki ni nini?"

"Popote nipendapo. Hapa napapenda. Pana upepo."

"Wageni wa Alhamisi wakiona haya?"

"Wageni watalala hotelini, umekwisha kulipia."

Alhamisi Sagal alitia guu katika nyumba ya mikeka. Mahad, aliyezoea milango ya mji, aligonga kichwa kizingitini, na bibi zake mwenyewe wakapiga vigelegele, maana mlango ule ni mfupi makusudi. Nyama ya kukaushwa ilikuwa imezama katika samli kama inavyotakiwa, na chombo chake kimefungwa mafundo ya kumsumbua bwana harusi anayetakiwa kuyafungua. Mbele ya wanawake wote Ambaro alimpa mjukuu wake ile sindano ya mfupa ya kushonea mikeka, iliyokuwa ya mama yake. Waliokuwa pale walijua kilichotoka mkono mmoja kikaingia mwingine.

Siku saba zikapita, na chini msingi wa maduka ukapanda. Kisha asubuhi moja Liban akaja juu. Ambaro alikuwa ameketi ukingoni mwa paa, ametandaza miguu, anasokota nyuzi mpya.

"Mama, nimevumilia. Sherehe imekwisha. Nataka kuinua ghorofa."

"Unaniambia mimi kwa nini? Yangu ilikuwa kule chini. Hii ina mwenyewe."

"Na hizo nyuzi za nini tena?"

"Za Idil. Ameomba yake."

Liban alitazama sehemu ya paa iliyobaki wazi, na nondo zake zilizosimama bila kazi. Akageuka, akauendea mlango wa nyumba ya mikeka, akashika pazia kulifunua.

"Baba," sauti ya Sagal ikatoka ndani, "nyumba ya watu haiingiwi hivyo."

Mkono ukabaki hewani. Chini, mzee Warfa na wenzake walikuwa wameacha kuchanganya zege. Barni alikuwa amesimama katikati ya barabara na birika lake, akipigiwa honi, hasogei. Liban aliachia pazia. Akavua viatu vyake vya ngozi, akaviweka pembeni ya nondo.

"Hodi," akasema.

Ndani kikombe kikawekwa chini taratibu.

"Nani?" akauliza binti yake.