Ile kadi ya mkono niliyosahau kuchora moshi

Wakuu, habari za Jumapili. Hii ni yangu mwenyewe na sijaongeza chumvi. Anayebisha aje Tetu nimwonyeshe kadi.

Miaka ya tisini nilikuwa nafanya kazi kwa rice mill huko Wang'uru, Mwea. Mathe, mama yangu, alibaki kwetu Tetu na ng'ombe zake mbili. Hakuwa amesoma hata class one.

Barua zilipitia sanduku la posta la kanisa. Baada ya ibada unaitwa jina mbele ya watu, halafu unatafuta wa kukusomea. Wa mathe alikuwa jirani, mama wa kwaya. Mdomo wake, wacha tu! Nikiandika niko na homa, Jumatatu mpaka Ruring'u wanajua.

Nikachoka. Nikaanza kukata makatoni, upande mmoja nachora na biro na crayons, upande wa pili anwani na stamp. Postcard bila neno hata moja.

Kila mwezi nilichora room yangu, mpunga nyuma, moshi ukitoka juu ya paa. Huo moshi ulikuwa wa kujaza nafasi tu, ati ndio picha ipendeze.

Sasa mwezi mmoja malaria ikanilaza. Sisi watu wa baridi ya Tetu, mbu wa Mwea wanatujua. Nilichora kadi nikitetemeka, nikamtuma mtu posta ili mathe asishtuke.

Wiki iliyofuata nikasikia hodi. Mathe! Mtu hajawahi kupita Karatina maisha yake yote. Ako na thermos ya uji na kuku kwapani.

Hata hakunisalimia.

"Moshi iko wapi?"

Nikamuuliza moshi gani.

"Kwa kadi hukuwasha moto. Mtoto wangu anakula nini?"

Aki nililia, na ndevu zangu. Alinipeleka hospitali siku hiyo hiyo, akakaa na mimi mpaka nikapona.

Mathe alituacha mwaka jana. Kwa sanduku lake la mabati nilipata kadi zote, zimefungwa na leso. Ile ya malaria ndiyo ilikuwa juu. Na pale kwa paa, mathe ambaye hakuwahi kushika kalamu alikuwa amechora moshi kwa kipande cha makaa.

Nilichojifunza? Nilidhani namchorea kwa sababu hajui kusoma. Kumbe alikuwa ananisoma mimi. Nammiss vibaya sana.

Kama uko na kadi ya mkono umeficha mahali, hebu tuambie ni ya nani. Nawasoma hapa nikichemsha chai.

Moshi iko.