Bosi Aliyeishia Katikati ya Filamu

Nilifukuzwa kazi kwa kosa la kupandisha sauti wakati baba wa bosi wangu anakata roho.

Soma tena ukitaka. Hata mimi nilimwomba afisa utumishi arudie.

Nilikuwa napokea simu kwenye kampuni binafsi ya magari ya wagonjwa. Mtu wako akianguka nyumbani unapiga, napokea mimi au mwenzangu. Tunatuma gari, na likiwa njiani tunakuelekeza cha kufanya.

Chumba kirefu, meza zimepangwa kama darasani, kiyoyozi kinadondosha maji, hedifoni zimechubuka sponji.

Kazi ngumu, lakini niliipenda. Unamfokea mume aliyeganda kwa hofu mlangoni mpaka anazinduka. Mtoto anazaliwa kwenye simu, chumba kizima mnapiga makofi.

Kisha akaja Barafu.

Jina tulimpa sisi. Msimamizi mpya, suti imenyooshwa hadi inatisha, uso kama ukuta wa benki. Hajawahi kupokea simu hata moja ya mgonjwa, lakini alikuja na dawa ya matatizo yetu yote.

Dawa yenyewe ilikuwa filamu.

Sikutanii. Jumamosi asubuhi akatukusanya, akavuta mapazia, akawasha projekta. "Leo ni mafunzo," akasema.

Filamu yenyewe ya zamani kidogo, ya mapigano na mambo ya miaka ijayo. Wala haikuvuma. Inahusu mji ambao kuhisi ni kosa la jinai. Harusi bila vigelegele, mazishi bila kilio. Kila mtu ana kibandiko cha kupima moyo shingoni. Moyo ukienda mbio, askari wanakuja. Na askari mkali kuliko wote ni mwanamke mmoja anayepiga watu kumi bila kukunja uso.

Nilinogewa, nisiwe mnafiki. Ndiyo kwanza yule mwanamke anasimama mbele ya mlango, ndani mtu anaimba kwa sauti ndogo, mkono wake umefika kwenye kitasa...

Barafu akazima.

"Mmeona?" akasema. "Hakuna kelele. Hakuna machozi. Kila mtu anafanya kazi yake."

Tukatazamana.

"Bosi," akasema Mama Mapacha, jirani yangu wa meza, "mbona haijaisha?"

"Sehemu muhimu imeisha."

Jamani! Filamu inapiga kelele kwamba mji huu ni jehanamu, yeye anaona kielelezo cha utendaji bora!

Jumatatu tukakuta saa mezani. Siyo zawadi. Saa za kupima mapigo ya moyo. Yakipanda, inalia, na taa nyekundu inawaka kwenye meza ya Barafu. Tukapewa na maneno ya kusema, yaleyale kwa kila mpigaji, kwa sauti ileile. Kucheka, onyo. Kulia, onyo. Kusema "pole mama", onyo, eti "pole" haina taarifa ndani yake. Maonyo matatu, unakwenda nyumbani.

Watu wazima, wenye watoto wao, tukafundishwa kuongea kama lifti.

Mama Mapacha alipata taarifa ya msiba wa mama yake akiwa palepale kitini. Nilimwona akiweka simu yake chini taratibu. Akafumba macho, akavuta pumzi, akapokea mteja mwingine. Saa yake ikalia. Barafu akaja, akasimama nyuma yake, akamwambia, "Dhibiti."

Dhibiti! Mama yake mzazi, dhibiti!

Nikainuka. "Bosi, mwache aende nyumbani, amefiwa."

Saa yangu ikalia. Nikala onyo la kwanza. Nilipomwambia hana utu, nikala la pili.

Na simu zikaanza kukatika.

Watu wanapiga, wanasikia ile sauti yetu ya bati, wanakata. Barafu alifurahi, kwamba eti sasa hatupotezi muda na kila mteja. Hakujiuliza mtu ambaye mtoto wake amekabwa na chakula anakata simu aende wapi.

Sasa ikafika siku moja, Barafu yuko mapumzikoni. Saa tano asubuhi, simu ikaingia kwangu.

"Huduma ya dharura. Tafadhali eleza tatizo."

"Baba! Baba ameanguka, hapumui, yuko sakafuni..."

"Tafadhali taja ulipo."

Akataja mtaa. Nikatuma gari.

"Msaada uko njiani. Tafadhali subiri."

"Hii ni mashine?" Akaanza kulia, kile kilio cha mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. "Nipeni mtu! Nawaomba, nataka kuongea na mtu!"

Ile sauti niliijua.

Nikamgeukia Mama Mapacha, nikamwonyesha kwa mdomo: Barafu.

Ningeweza kumsomea maneno yake mwenyewe mpaka mwisho. Kanuni zingenilinda, na sitawaficha, kwa sekunde moja nililitamani hilo jambo kuliko chakula. Mama Mapacha alinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, akatikisa kichwa.

"Barafu!" nikapiga kelele. "Nisikilize! Weka simu sakafuni, washa spika, piga magoti!"

"Nani... wewe ni..."

"Mtu! Uliomba mtu, ndiyo mimi! Mikono katikati ya kifua, bonyeza! Kwa nguvu! Haraka!"

"Nitamvunja mbavu!"

"Mvunje! Mbavu zitaunga! Bonyeza, usimbembeleze! Hesabu na mimi!"

Saa yangu ikaanza kulia kama gari linaloibiwa. Nikaivua, nikamrushia Mama Mapacha. Akaikalia.

"Nimechoka," Barafu analia. "Siwezi."

"Unaweza! Wewe mzee hapo chini, usithubutu kufa mbele ya mwanao! Unanisikia? Bonyeza, kaka, bonyeza!"

Chumba kizima kilikuwa kimesimama. Nilihesabu mpaka sauti ikakauka, Mama Mapacha akapokea kuhesabu, kisha mwingine. Hatimaye tukasikia mlango unagongwa na wauguzi wetu wakiingia na mashine ya kushtua moyo.

Wakamrudisha mzee.

Tulikumbatiana. Saa zote zikalia kwa pamoja, kama chekechea wakati wa mapumziko.

Unafikiri Barafu alirudi akiwa mtu mpya? Hata mimi nilifikiri hivyo, mjinga mie.

Alirudi suti imenyooshwa vilevile. Akaniita mbele ya afisa utumishi.

"Ulipandisha sauti kwa mteja," akasema. "Ukavua kifaa. Ukamwita mteja jina la kejeli."

"Mteja ulikuwa wewe."

"Hilo halihusiani."

"Ulikuwa unalia, bosi. Kamasi nilikuwa nazisikia kwenye simu."

Afisa utumishi akainamia viatu vyake.

"Nashukuru kwa huduma," Barafu akasema. "Lakini hili ni onyo la tatu."

Nikamwomba afisa utumishi arudie, akarudia. Nikatoka. Na wale waliokuwa wamesimama siku ile wakabaki wamekaa, wanatazama meza. Siwalaumu, wana watoto. Mama Mapacha peke yake ndiye aliyenifuata hadi getini.

Nilikuwa nyumbani naosha vyombo, simu ikaita. Sauti ya mzee, nzito, inakwaruza.

"Wewe ndiye uliyeagiza nivunjwe mbavu?"

Alikuwa amepiga ofisini kuniulizia, Mama Mapacha akampa namba yangu. Nikaenda kumwona wodini. Mzee mwembamba, macho makali, kompyuta ndogo juu ya mapaja.

Zamani alikuwa fundi wa mitambo ya sinema, yule anayekaa juu kule nyuma kwenye kile kichumba chenye joto. Nikamweleza yote, na jinsi mwanawe alivyotuonyesha filamu.

Akakohoa, akashika mbavu. "Filamu gani?"

Nikamsimulia.

Akafumba macho kama mtu anayeumwa jino.

"Hiyo nilimpa mimi."

"Wewe, baba?"

"Niliionyesha kwa viti vitupu. Watu walikuja wakaona haina mapenzi, wakaondoka. Wajinga watupu! Nikaiweka nakala miaka yote. Tulipomzika mke wangu, huyu mwanangu alikuwa anajibu ujumbe wa ofisini pembeni ya kaburi. Nikampa nikamwambia, tazama hii, utajiona humo ndani."

"Akajiona," nikasema.

"Akajiona, mwanangu. Balaa ni kwamba akajipenda."

Mlango ukafunguliwa. Barafu, na mfuko wa machungwa. Aliponiona akataka kugeuka.

"Kaa chini," mzee akamwambia. "Tunamalizia."

Akakaa. Ukiwa na baba wa aina ile, unakaa.

Tukaitazama nusu ya pili. Yule mwanamke anafungua ule mlango, anamsikiliza mwimbaji. Kisha anapigana na kikosi chake mwenyewe, ngazi kwa ngazi, hadi kwenye kituo cha redio. Anafika amejaa damu, anashika kipaza sauti. Hasemi neno. Analia tu, na mji mzima unasimama kumsikiliza.

Mimi nililia. Mzee alilia. Barafu alitazama dari kwa muda mrefu sana. Labda kulikuwa na kitu darini.

Ikaisha. Tukasubiri.

Akajikohoza. "Mwisho wameuharibu," akasema. "Mpaka katikati ilikuwa filamu nzuri."

Tulicheka mpaka muuguzi akaja mbio, maana mzee na mbavu zake alikuwa analia kwa maumivu huku anacheka, "Nitolee huyu mtu, nitolee!"

Leo napokea simu kwenye kampuni nyingine. Kule kwa Barafu hawaajiri tena watu, wameweka mashine. Mama Mapacha, ambaye sasa niko naye hapa, alipiga kuijaribu. Ina sauti laini ya kike.

Inasema, "Pole sana. Najua unaogopa. Niko pamoja nawe."

Yaani walitufukuza kwa kuhisi, kisha wakaenda kununua mashine ya kuigiza hisia. Na kwa vile haihitaji kuambiwa "dhibiti", hata Barafu hakuhitajika tena.

Somo langu ni fupi. Mtu akikuambia moyo wako unaharibu kazi, muulize yeye, siku ya kwake ikifika, angependa simu ipokelewe na nani.

Na filamu ukianza, maliza.