Tovuti ya Hamdani, Mfalme wa Sindano

Mbugangari nzima, hapa Gisenyi, inajua kwamba hakuna fundi cherehani kama Hamdani. Na asiyejua, Hamdani mwenyewe humweleza kabla hajaulizwa. Basi ilimuuma kuona wateja wanampita na kuvuka mpaka kwenda kushonesha Goma, huku cherehani yake ya pili imefunikwa shuka kama mgonjwa.

Mkewe Kaltumu akamaliza maneno: "Bon. Musimu ya ndoa ikifika na hakuna hata muteja moja ametoka Goma juu ya ile site yako, ile mashini tunauzisha."

"Ngojea tu," Hamdani akajibu. "Mi nilisoma mpaka karibu nimalize masomo ya primaire!"

Maana tovuti aliitengeneza mwenyewe. Kama mtu mwenye adabu, alianza na salamu: akawasalimu wasomaji, wazazi wao, majirani wa Rugerero na ndugu wa ng'ambo, kisha akashuka na ukoo wake tangu babu aliyekuja na marobota ya vitambaa. Chini ya ukoo akaweka picha yake ya ujanani ndani ya suti, kubwa mno hata simu za watu zikawa zinazunguka tu, hazifungui. Habari za kushona zilikaa chini kabisa, kidole cha mtu mwenye haraka kisikofika.

Hata hivyo hesabu ya wageni ilipanda kila siku, naye akatembea kifua mbele, mpaka Yasmina, binti wa dada yake anayeshona naye, alipoichungulia.

"Mujomba, hawa wageni wote ni wa hapa hapa. Nani anafunguaka site asubui?"

"Ni mimi. Naangaliaka kama wageni wamefika."

"Na magaribi?"

"Ni mimi tena, na telefone ya Kaltumu. Duka yenye haina mutu ndani, nani ataingia?"

Kaltumu alicheka mpaka pini zikamwagika.

"Donc, mutu wa Goma akitafuta fundi," Yasmina akaendelea, "anaandika nini?"

"Anaandika Hamdani, Mfalme wa Sindano."

"Na kama hakujue?"

Mtu asiyemjua Hamdani! Hilo hakuwahi kulifikiria.

"Watu wakisimama hapa mulangoni, wanaulizaka nini?" Yasmina akauliza.

"Upuuzi! Robe inabana, ipanuliwe. Mufalme hapanuake nguo."

Yasmina akaandika upuuzi huohuo juu kabisa ya tovuti: gauni la harusi linalobana hupanuliwaje, wapi Gisenyi, umbali gani kutoka mpakani. Akaweka picha za gauni kabla na baada. Ukoo ukahamishiwa ukurasa wa nyuma, na suti ikapunguzwa ikawa kama stempu. Hamdani aliililia picha ile kama aliyefiwa.

Ndoa zilipokaribia, akaingia mama mmoja, Illuminée, gauni begani, simu mkononi. "Natoka Goma. Ni hapa munapanua robe yenye inakataa kufunga? Ndoa ni samedi ya wiki hii."

"Ni hapa, mama. Umesikia sifa yangu huko?"

"Sifa gani? Niliandika 'robe ya ndoa inabana', mukatokea nyinyi." Akaitazama simu, akamtazama Hamdani. "Na huyu kijana wa mu picha iko wapi? Nataka yeye ndiye anishonee."

Kaltumu hakumsaidia mumewe kujibu. Alikuwa amekwisha kuivua shuka cherehani ya pili, anaitia mafuta.

"Alitoka," Hamdani akasema, akichukua futi. "Alitoka zamani kidogo. Mi ni baba yake. Geuka nikupime."