Pua ya Kununulia Randa

Nisikilize kidogo, wewe unayetafuta randa ya umeme kwa karakana yako. Asubuhi hii muuzaji aliniwashia moja dukani. Mimi sikusikia harufu yoyote, lakini binti yangu alikunja pua, nami nikakumbuka karakana ya mama kule mjini Gisenyi.

Mama alikuwa seremala. Randa yake ilikuwa imekufa, na kitanda cha bibi harusi kilingojewa Jumamosi. Mchuuzi akatuletea nyingine iliyotumika, kutoka Goma, imepakwa rangi mpya. Mama aliiacha iungurume mpaka ikapata moto, akaizima, kisha akanivuta karibu.

"Nusa hapa, kwenye matundu ya mota."

Mchuuzi akacheka. "Mama, unanunua mashini kama samaki ya soko ya Rubona?"

"Pua yangu ilikufa na vanishi. Ya huyu iko mupya. Bon, we unasikia nini?"

Nilijua jinsi alivyoihitaji ile mashine. Nikasema kwa sauti ndogo, "Nywele zilizoungua."

Hakuniuliza mara ya pili. "Waya za ndani zimeungua," akamwambia mchuuzi. "Pole, papa, rudi nayo."

Kitanda alikipiga randa ya mkono. Jumamosi mabega yalimuuma hata akashindwa kunisuka, nikaenda harusini na kitambaa kichwani.

Basi, washa mashine, iache ipate moto, izime, kisha nusa matundu ya mota. Kama pua yako imezoea vanishi, mwombe mtoto akunusie, na umwamini.