Matabishi ya Mama Constance

Mama Constance anauza nyanya soko la Ruashi, na mimi, Edith, meza yangu inagusana na yake tangu zamani. Sijawahi kumwona akimpa mteja fungu bila kutupia nyanya moja ya bure juu. Hiyo ndiyo matabishi. Huku kwetu mteja akinyimwa matabishi anaondoka amenuna, na ana haki.

Mwaka huu alinikokota hadi masomo ya Kiingereza pale parokiani. Binti yake ameolewa Zambia, na mjukuu wake, Mapalo, nyumbani na shuleni wanamsemesha Kiingereza tu. Kila Jumapili mtoto anauliza kitu kwenye simu, kambo wake, yaani bibi yake, haelewi, simu inarudi kwa mama yake. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Mwalimu Sylvain, kijana wa miwani, alitufundisha kutenga maneno: nomino huku, vitenzi kule, vivumishi pale. Mimi kichwa kilinigonga. Constance akaniambia hiyo ni kazi yake ya kila asubuhi: nomino ni nyanya yenyewe, kivumishi ni sifa unayoipaka ili inunuliwe, kitenzi ni kuuza. Mimi nauza hivyo hivyo na sikuwa nimeliona hilo. Anayefaulu mtihani wa maneno hayo ndiye anayepanda darasa la kuongea.

Katika mtihani Sylvain aliomba nomino tano, vitenzi vitano, vivumishi vitano. Karatasi ya Constance ilirudi na mistari myekundu na sifuri: kila mahali ameandika sita. Mimi si mtu wa huruma, lakini siku hiyo nilimhurumia.

Akasimama. "Mwalimu, ile tano uliomba, iko sawa?"

"Iko sawa, mama."

"Basi ya sita iko matabishi. Nikupe tano kavu, utaniona muntu wa namna gani?"

Darasa zima tulimgeukia Sylvain. Tunamjua: kila Jumamosi anakuja mezani kwetu, na matabishi moja haimtoshi, anaomba na ya mama yake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akafuta sifuri, akaandika kumi na tano juu ya kumi na tano, na pembeni akaongeza moja.

Jumapili iliyofuata Mapalo aliuliza kambo anafanya nini. Constance akamjibu kwa Kiingereza, polepole, kwamba anauza nyanya nyekundu. Halafu akatupia neno moja la bure: tamu. Mtoto akacheka, akauliza lingine, na simu haikurudi kwa mama yake mpaka yunite za simu zikaisha.